UZI: Kabla hujamwambia mwenzako kwamba ana damu tamu, tuzungumze jinsi mbu anavyomchagua mtu

Mwana wa Msimbazi (mleta uzi)

Heshima kwenu wanajukwaa. Wakubwa wangu, shikamooni.

Nimekulia Kigogo, hatua chache kutoka Bonde la Msimbazi, katika chumba nilicholala pamoja na kaka yangu aliyenizidi miaka mitatu. Kila asubuhi niliamka na vipele mikononi na miguuni, naye aliamka ngozi ikiwa safi kama alivyolala. Nyumbani hukumu ilikwisha kutolewa: mimi nina damu tamu, kaka ana damu chungu. Kwa kuwa vitanda vilikuwa viwili na chandarua kimoja, mama alikifunga juu ya kitanda changu, na kaka akalala bila chandarua kwa muda wote niliosoma shule ya msingi. Katika miaka hiyo aliyeugua malaria mara kwa mara, na safari moja akalazwa akiwa hajitambui, alikuwa kaka. Hakuna mtu pale nyumbani, nami nikiwemo, aliyejiuliza vipi mtu asiyeumwa na mbu apate ugonjwa ambao kwetu huletwa na mbu.

Nimeamua kuandika kwa sababu wiki iliyopita, hapa Tabata ninakoishi sasa, nilimsikia jirani yangu akisema kwamba chandarua atampa mtoto mdogo, maana mkubwa "mbu hawamtaki". Maneno ni yale yale ya mama yangu. Ni kweli kabisa kwamba mbu hubagua. Hilo limepimwa na kuthibitishwa. Lakini sababu zake hazimo katika utamu wa damu, na kipimo tunachokitumia majumbani kujua nani anaumwa na nani haumwi, yaani vipele, ni kipimo kibovu.

Anayeuma ni mbu jike peke yake. Dume huishi kwa maji matamu ya maua na mimea, na jike naye hunywa maji hayo hayo ili apate nguvu ya kuruka. Damu huitafuta kwa ajili ya protini ya kutengenezea mayai. Kwa hiyo mbu hafuati sukari iliyomo mwilini mwako, na hata kama angeitaka asingeweza kuionja kabla hajakutoboa. Uamuzi wa kukufuata wewe na kumwacha uliyeketi naye huanza angali hewani, kwa kunusa.

Kitu cha kwanza kumwamsha ni pumzi. Hewa ukaa tunayoitoa puani na mdomoni husafiri na upepo, na mbu huihisi akiwa umbali wa mita nyingi kwa viungo vidogo vilivyo kando ya mrija wake wa kunyonyea, kisha huifuata dhidi ya upepo mpaka inakotoka. Mwenye mwili mkubwa hutoa hewa hiyo nyingi kuliko mtoto, na anayetoka kukimbia hutoa nyingi kuliko aliyelala. Mjamzito naye yumo katika kundi hilo. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2000 uliwalinganisha wanawake wajawazito 36 na wengine 36 wasio na mimba, ikaonekana kwamba wajawazito walivuta mbu wa malaria mara mbili ya wenzao. Walikuwa wakitoa pumzi zaidi kwa asilimia 21, na ngozi ya tumbo ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 0.7. Ukikumbuka jinsi malaria inavyomwandama mama na kiumbe aliye tumboni, utaona kwamba tofauti hiyo si jambo dogo.

Hata hivyo, pumzi peke yake haielezi kwa nini ndugu wawili wenye umri na uzito unaokaribiana, katika chumba kimoja, wapate usiku tofauti. Hapo inaingia ngozi, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, maabara ya Leslie Vosshall iliwavalisha watu 64 vipande vya soksi za nailoni mikononi, kuanzia kiwiko hadi kifundo, kwa saa sita ili vinywe harufu ya ngozi. Baadaye vipande hivyo viliwekwa viwili viwili mbele ya mbu aina ya Aedesi, wale wa mchana, ili ijulikane watakimbilia kipi. Mtu mmoja, aliyejulikana kwa namba 33 tu, aliwashinda wote: harufu yake ilivuta mbu takribani mara mia moja kuliko harufu ya mtu aliyevuta wachache zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Waliopendwa sana na mbu walikutwa na kiasi kikubwa cha asidi za kaboksili kwenye ngozi, ambazo hutokana na mafuta ya asili yanayoilainisha na kuilinda. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba watu hawakubadilishana nafasi. Waliporudiwa kupimwa katika kipindi cha miaka kadhaa, aliyekuwa sumaku ya mbu aliendelea kuwa sumaku, ingawa kwa muda wote huo chakula, sabuni na mambo mengine ya maisha yanaweza kuwa yalibadilika.

Mafuta hayo yana wapishi wake. Juu ya ngozi ya kila mmoja wetu wanaishi bakteria wasio na idadi, wanaokula jasho na mafuta na kutoa harufu. Mwaka 2011 ilichapishwa kazi iliyowahusisha wanaume 48 na mbu wa malaria aina ya Anofelesi gambiae, nayo ilionyesha kwamba waliovutia mbu sana walikuwa na bakteria wengi kwa idadi lakini wa aina chache, wakati waliokuwa na mchanganyiko wa aina nyingi hawakuwavutia sana. Jasho lenyewe likiwa bichi halina mvuto mkubwa. Likikaa siku moja au mbili na bakteria wakalifanyia kazi, mvuto huongezeka. Ndiyo maana soksi iliyovaliwa siku nzima imekuwa kifaa cha maabara. Mwanasayansi Bart Knols, Mholanzi aliyewahi kufanya kazi Ifakara, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba jibini ya Limburger, yenye harufu kama ya miguu ya binadamu, humvuta Anofelesi. Na mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, akiwemo Fredros Okumu, walichapisha habari za mchanganyiko walioutengeneza kwa hewa ukaa, amonia na asidi za kaboksili, uliovuta mbu wengi kuliko mtu halisi pale ambapo kila kimoja kiliwekwa katika kibanda chake. Vilipowekwa pamoja ndani ya kibanda kimoja, binadamu aliushinda mchanganyiko. Kwa karibu, basi, kuna dalili nyingine ambazo mwili wetu unazitoa, yakiwemo joto na unyevu, na mchanganyiko haukuweza kuziiga. Ninaona fahari kwamba kazi hiyo ilifanyika hapa kwetu.

Sehemu ya jambo hili tunazaliwa nayo. Mwaka 2015 watafiti wa London waliwapima mapacha, jozi 18 za wanaofanana na jozi 19 za wasiofanana, na mapacha wanaofanana walilingana zaidi kwa kiasi wanachomvutia mbu. Urithi wake ulikaribia ule wa urefu wa mwili.

Sasa narudi kwa kaka yangu, maana yote niliyoyaeleza hayatoshi kumtetea. Kipele unachokikuna hakitokani na tundu alilotoboa mbu. Kinatokana na mate yake, aliyoyaingiza ili damu isigande, na kinga ya mwili wako ndiyo inayoyapokea kwa ukali au kwa upole. Kuna watu ambao mwili wao huvimba kwa tone dogo tu, na kuna ambao mwili wao, baada ya kuumwa kwa miaka mingi, umezoea na haulalamiki tena. Angalieni mgeni anapokuja Dar es Salaam kutoka Makete, ambako baridi haiwapi mbu nafasi: siku tatu za kwanza anavimba mikono yote, na sisi wenyeji tuliolala nyumba hiyo hiyo tunamshangaa. Si kwamba mbu walimwuma yeye peke yake. Kaka yangu hakuwa na damu chungu. Alikuwa na ngozi isiyosema.

Na katika mji wetu kuna jambo la ziada linalotupoteza. Mbu wanaotusumbua kwa wingi, wanaoimba sikioni na kutufanya tufunge madirisha jioni, kwa sehemu kubwa ni Kuleksi, wanaozaliana katika mitaro iliyoziba, makaro na mashimo ya vyoo. Hao wanaweza kueneza matende na mabusha, lakini malaria haiko kwao. Anofelesi ni wachache kwa kulinganisha, na huuma zaidi usiku ukiwa umekwenda, mtu akiwa amezama usingizini. Ukihesabu usumbufu wa saa mbili usiku kibarazani, umemhesabu mbu mwingine kabisa.

Karibuni tujadiliane.

Fundi Bomba

Mkuu, nakushukuru kwa maelezo marefu na ya heshima, ila kuna jambo umeliruka. Mimi ni kundi la damu O, na mke wangu ni kundi A. Tangu tuoane, tukiketi nje jioni, mimi huondoka nimejaa vipele na yeye hana hata kimoja. Nimewahi kusoma kwamba wenye kundi O ndio wanaopendwa na mbu, na kwa maisha yangu naliona hilo kila siku. Unalizungumziaje?

Mwana wa Msimbazi

Ndugu Fundi, sikuliruka kwa dharau. Utafiti unaotajwa na wengi kuhusu kundi O ni wa Japani, uliochapishwa mwaka 2004, na wa awali yake ni wa mwaka 1972. Ule wa Japani ulitumia mbu waliokatwa mirija ya kunyonyea, kwa hiyo kilichohesabiwa ni kutua juu ya ngozi, si kuuma. Walitua zaidi kwa watu wa kundi O kuliko wa kundi A, lakini tofauti kati ya O na makundi mengine mawili, B na AB, haikuwa ya kutegemewa. Ni kweli kwamba baadhi ya watu hutoa chembechembe za kundi lao la damu katika mate na majimaji mengine ya mwili, ila chembechembe hizo si kitu kinachopaa hewani kama harufu, na bado tafiti hazijakubaliana kuhusu suala hili. Mimi siwezi kulisimamia.

Kuhusu wewe na mama wa nyumbani kwako, tazama kwanza kama hajakutwa na jambo lile la kaka yangu. Umeona vipele, hukuona mbu wakimwacha.

Mtumishi wa Afya

Naomba kuongeza mambo mawili, kwa kuwa nimefanya kazi za afya ya jamii katika mji huu kwa muda mrefu.

La kwanza ni malaria yenyewe. Kuna utafiti wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2005, ambapo watoto watatu watatu walilinganishwa: asiye na vimelea, mwenye vimelea ambavyo bado havijafikia hatua ya kuambukiza mbu, na mwenye vimelea vilivyofikia hatua hiyo. Huyu wa mwisho alivuta mbu takribani mara mbili ya wenzake. Watoto walipotibiwa, tofauti ilitoweka. Maana yake, mtoto anaweza kuvutia mbu zaidi mwezi huu kuliko mwezi uliopita, bila ya ngozi yake ya asili kubadilika, kwa sababu tu amebeba vimelea, na huenda hata homa hana. Kwa hiyo ukiona mtoto amegeuka ghafla kuwa kipenzi cha mbu, kumpima si kupoteza muda.

La pili, mleta uzi amesisitiza usiku, nami sitaki msomaji asahau mchana. Dengi ilitupiga Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, nayo huenezwa na Aedesi, anayezaliana katika maji yaliyotulia ndani ya ndoo, matairi, makopo na vyungu vya maua, na kuuma wakati wa mchana. Huyu hutumia macho sana baada ya kunusa pumzi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba akishanusa hewa ukaa huelekea kwenye rangi nyekundu, ya machungwa na nyeusi, na kuzipuuza kijani, buluu, zambarau na nyeupe. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, kwa macho yake huonekana ikielekea wekundu. Hivyo nguo nyeupe yenye mikono mirefu hufanya kazi mbili: hufunika harufu kiasi na hufunika rangi.

Bi Kibarazani

Mwanangu, marahaba. Nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, yuko nasi hapa Kigamboni, ana mimba ya miezi saba. Tulipokuwa tukiketi kibarazani jioni alikuwa akilalamika mbu, na mimi nikimwambia kwamba ni udhaifu wa mimba, kila kitu kinamkera. Kumbe alikuwa anasema kweli?

Mwana wa Msimbazi

Shikamoo mama. Alikuwa anasema kweli. Pumzi yake na joto la mwili wake vinamwita mbu zaidi kuliko vyenu ninyi mlioketi naye. Aketi karibu na feni kama umeme upo, kwa sababu mbu ni mrukaji dhaifu na upepo hutawanya harufu anayoifuata. Avae gauni refu au ajifunike kanga miguuni. Na usiku asikose chandarua chenye dawa. Kama hana, aulize kliniki anakohudhuria. Kabla ya kupaka dawa yoyote ya ngozi, awaulize wahudumu hao hao wa kliniki.

Kijana wa Sinza

Kaka, mimi nina maswali mawili. Nikienda kunywa bia na wenzangu narudi nimeumwa vibaya kuliko siku nilizokaa nyumbani, je, ni bia au ni mahali? Pia mama mkubwa anatushauri tule vitunguu saumu na kumeza vidonge vya vitamini B. Vinasaidia?

Mwana wa Msimbazi

Mdogo wangu, bia ina mchango wake. Nchini Burkina Faso walipimwa wanaume kabla na baada ya kunywa pombe ya kienyeji ya mtama, na wengine walipewa maji. Waliokunywa pombe waliwavutia mbu wa malaria zaidi baada ya kunywa. Kwa waliokunywa maji hapakuwa na badiliko. Utafiti huo ni wa mwaka 2010. Mahali nako kuna sehemu yake, kwa sababu meza iliyo karibu na mtaro wa maji machafu haiwezi kukosa Kuleksi.

Vitunguu saumu vimejaribiwa, navyo havikuzuia mbu. Vitamini B vilevile. Tumia fedha hiyo kununua dawa ya kupaka yenye DEET, ambayo imethibitika.

Fundi Bomba

Nimerudi, mkuu. Jana usiku nilifanya kama ulivyosema, nikamtazama mke wangu tulipoketi nje badala ya kutazama ngozi yake asubuhi. Kwa muda wa nusu saa nilimwona mbu mmoja akimnyonya kwenye kifundo cha mguu mpaka akashiba, na mwenyewe hakuhisi. Asubuhi hapakuwa na alama. Juu yangu walitua wengi zaidi, hilo silifichi, lakini nilikuwa nimeamini kwamba hawamgusi kabisa. Sasa swali langu: mbona miguuni? Na mimi vipele vyangu karibu vyote viko chini ya magoti. Je, nikiosha miguu vizuri kabla ya kuketi itatosha?

Mwana wa Msimbazi

Hilo ndilo nililolitaka, ndugu Fundi, na nakushukuru kwa kulitazama kwa macho yako.

Knols na mwenzake waliona kwamba Anofelesi gambiae hupendelea miguu na vifundo vya mtu aliyeketi, na kwamba miguu ikioshwa kwa sabuni ya kuua bakteria, mahali pa kuuma hubadilika. Ndipo ikaonekana kwamba harufu ya miguu ina kazi yake. Lakini baadaye watu walilala chini na kuinua miguu juu, na mbu wakahamia sehemu za mwili zilizokuwa karibu na ardhi. Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayokutana: harufu ya miguu, na tabia ya mbu hao kuruka chini chini. Kuosha miguu ni jambo jema, ila bakteria hurudi kazini baada ya muda, na pumzi yako haioshwi. Miguu ifunikwe. Kandambili na bukta jioni ni mlango ulioachwa wazi.

Mama Wawili

Habari za asubuhi. Nimesoma alfajiri watoto wakiwa bado wamelala, na nimeandika hapa kwa sababu mwili umenisisimka. Nina wavulana wawili, wa miaka tisa na wa miaka mitano, katika chumba kimoja. Mdogo ndiye mwenye chandarua, kwa sababu ndiye anayejikuna mpaka anatoka vidonda. Mkubwa hajawahi kulalamika. Nimeingia chumbani kabla ya kufungua madirisha, nikainua pazia lililo upande wa kitanda cha mkubwa. Nyuma yake walikuwepo mbu watatu wametulia, matumbo mekundu, wazito hata kuruka hawataki. Mdogo alikuwa ndani ya chandarua, na chandarua hakina tundu.

Fedha ya chandarua cha pili nitaipata mwisho wa mwezi. Je, kwa sasa wanaweza kulala wote wawili chini ya kimoja?

Mwana wa Msimbazi

Dada yangu, wanaweza, na wafanye hivyo kuanzia usiku wa leo. Walaze kwenye kitanda kilicho kipana zaidi, au shusha magodoro yote mawili chini uyaunganishe na kukifunga chandarua katikati juu yao. Ingiza pindo lake chini ya godoro pande zote, na mwenye mazoea ya kugaagaa alale upande wa ukutani ukiweka mto au kanga iliyokunjwa kati yake na kitambaa, kwa maana mkono ukigusa chandarua mbu anaweza kuuma kutokea nje. Na mkubwa mpeleke akapimwe malaria wiki hii, hata kama anacheza vizuri.